Hatua Sitini Kutoka Langoni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ilikuwa nzuri hadi saa tatu asubuhi. Saa tatu akaingia shemeji.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Sajini mstaafu. Mwenyekiti wa kamati ya askari wastaafu. Mrefu kama ngazi, mwenye sharubu ambazo mimi huzitengeneza kila Jumatatu na yeye husifiwa wiki nzima. Akaketi, akafumba macho. Mkasi wangu ukiwa chini ya pua yake akanipa habari: jiwe la kumbukumbu la askari limekubaliwa, litasimama humu humu katika bustani ya mji. Nikasema hongera. Akasema, macho bado kayafumba, eti huenda shemeji ukalazimika kupisha kidogo.

Nipishe! Miaka kumi na tisa nipo hapa. Kibanda cha kinyozi, cha mbao, rangi ya kijani, bati jipya. Vioo viwili, kimoja kina ufa. Kiti cha kuzunguka nilichonunua kwa daktari wa meno aliyehama mji. Mpaka leo kuna wateja wakikikalia tu wanafungua mdomo.

Akanieleza. Kuna karatasi. Kamanda wao wa zamani aliandika kabla hajafa kwamba jiwe lisimame hatua sitini za gwaride kutoka langoni, kwa kufuata njia iliyonyooka. Hatua ya sitini itakapoangukia, ni hapo, na kilichopo kiondoke. Nikauliza kwa nini wasipime kwa mita kama binadamu wengine. Akafumbua jicho moja. Akasema mita ni za wauza vitambaa.

Atazitembea mwenyewe. Jumamosi tarehe 15, mbele ya mji mzima, kwa ngoma.

Sharubu ya kushoto nimeikata fupi kuliko ya kulia. Bahati mbaya. Karibu bahati mbaya.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepima. Nimeazima tepu ya cherehani ya mke wangu (yeye ni fundi nguo), ina mita moja na nusu tu. Nimeilaza chini mara thelathini na moja, kwa magoti, kuanzia langoni. Mama mmoja kwenye benchi akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema kitana. Akainuka kunisaidia kukitafuta. Akanisaidia kwa mita ishirini.

Matokeo: kibanda changu kinaanzia mita arobaini na nne na kuishia mita arobaini na sita na nusu. Hatua ya gwaride ni sentimita sabini na tano. Hata mtoto wa askari analijua hilo. Mara sitini. Mita arobaini na tano kamili.

Mita arobaini na tano ni kwenye kiti. Si karibu na kiti. Ni kwenye kiti, mahali ambapo mteja huweka mikono.

Nimekula kidogo leo. Mke wangu ameuliza kwa nini tepu yake ina udongo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Akili imetulia. Askari si jiwe, ni mtu, na hatua ya mtu hubadilika. Akitembea hatua ndefu atanipita, jiwe lisimame nyuma yangu. Akitembea fupi hatanifikia. Basi ni kuchagua tu.

Nimechagua ndefu. Kumfupishia mzee hatua ni utovu wa adabu. Kumrefushia ni kumheshimu. Tena jiwe likiwa nyuma ya kibanda litanipa kivuli cha jioni.

Kikwazo ni goti. Shemeji ana goti la kushoto linalomsumbua tangu mwaka jana. Nimemwambia mke wangu, kwa huruma kubwa, kwamba ninafikiria kumsaidia kaka yake kuhusu lile goti. Ameacha kukanyaga cherehani. Amesema nimwache kaka yake na goti lake. Amesema kila ninapomsaidia mtu wa kwao hutafutwa gari la kumpeleka hospitali. Ni mara mbili tu, na mara ya pili gari lilikuwa linapita.

Wivu. Familia yao nzima haipendi maendeleo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Dawa iko tayari! Nimeipika kwenye jiko la kibandani: mafuta mazito, kafuri, tangawizi mbichi, pilipili kidogo. Kisha pilipili nyingine kidogo. Nimeijaza kwenye kopo la krimu ya kunyolea.

Shemeji amekuja saa nne. Nimemkunjia suruali, nikamsugua, nikafunga goti kwa taulo la moto. Dakika ya kwanza alinisifu. Dakika ya pili alishika kiti kwa mikono yote miwili. Dakika ya tatu alitaja cheo changu katika jamii, akakitaja tena, akasimama na taulo lake, akazunguka bustani mara mbili akipiga kelele za amri. Njiwa wote wakaruka. Aliporudi alikuwa anatoka jasho na amenyooka. Akasema goti limeamka.

Ushindi. Kwa furaha nikampokea mteja aliyefuata bila kunawa mikono. Alikuwa mpima ardhi wa baraza la mji, kijana mtulivu, amekuja kunyoa ndevu. Nilimpaka povu mashavu yote mawili kwa upendo.

Amekimbilia bombani. Amekaa na kichwa chini ya maji kwa dakika kumi na moja. Aliposimama alikuwa amenyolewa upande mmoja, rangi ya nyanya pande zote. Nikamwambia upande wa pili sitamtoza kitu. Aliondoka bila kuaga.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Msiba.

Shemeji alikuja kula mchana. Ngazi zetu za mbele ni nne. Amepanda mbili mbili. Alimwinua dada yake juu, akamweka chini, akasema shemeji huyu jamani ni daktari, tulimdharau bure. Mke wangu aliniangalia kwa namna mpya. Nikajinyoosha kitini. Nikaongezewa nyama.

Baada ya kula nikatoka uani nimejaa raha, na hapo nikaiona saruji. Mwezi uliopita nilimwaga saruji mbele ya mlango wa uani, na shemeji akaja bila hodi, akaikanyaga ikiwa mbichi kutoka ukingo hadi ukingo. Nilimlalamikia wiki nzima. Nyayo bado zipo. Nikachukua tepu. Kisigino hadi kisigino: sentimita sitini na nane. Nyingine, sitini na nane. Nyingine, sitini na saba.

Nikapiga hesabu ukutani kwa mkaa. Sitini na nane mara sitini ni mita arobaini nukta nane. Mita tatu na ushee kabla ya mlango wangu!

Yaani na goti lake bovu alikuwa hanifikii. Kibanda kilikuwa salama. Kilikuwa salama Jumatatu, kilikuwa salama Jumanne, kilikuwa salama mpaka Ijumaa saa nne nilipomponya.

Kisha nikamwomba atembee kidogo uani, nione goti. Nilikuwa nimenyunyiza unga. Sabini na nne. Na anasema bado linazidi kulegea.

Mke wangu ameuona unga. Ule mtazamo mpya umekwisha.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimejaribu kulirudisha kopo la dawa, ambalo shemeji aliondoka nalo Ijumaa. Nikamwambia shemeji kwamba dawa ile ikizidi huharibu moyo. Akasema moyo wake uliwahi kusimama mara mbili vitani na ukaendelea wenyewe. Nikamwambia inaharibu nguvu za kiume. Akacheka mpaka povu likaingia mdomoni. Akasema aliambiwa hivyo pia kuhusu chai ya jeshini, na ana watoto tisa. Kopo halitoi mfukoni. Anapaka asubuhi, mchana na jioni. Wenzake wameanza kuliomba.

Basi nageuza mpango. Sasa ni hatua fupi. Utovu wa adabu nitautubu baadaye.

Mtu wa kwanza: mpiga ngoma. Mzee mwenzao, mfupi, sikio moja halisikii, mteja wangu wa kila Ijumaa. Askari hufuata ngoma. Ngoma ikienda mbio, miguu haina nafasi ya kurefuka, itabidi ikatekate. Nimemweleza kwamba mji umechoka na mapigo ya mazishi, watu wanataka uchangamfu. Amefikiri. Amesema yuko tayari kwa uchangamfu, ila kuanzia leo kila Ijumaa awe wa kwanza kunyolewa hata akija wa mwisho. Nikakubali. Akaniambia nirudie, nilikuwa nimesema kwenye sikio bovu. Nikarudia kwa sauti. Wateja wanne wamesikia. Wawili wameondoka.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mazoezi, barabarani mbele ya ofisi za baraza. Bustanini wamekataa, eti ardhi ya heshima haikanyagwi kwa majaribio.

Mpiga ngoma alitimiza ahadi. Alizidi kuitimiza. Alipiga kama nyumba inaungua. Shemeji akasikiliza mapigo matatu, uso ukabadilika, kifua kikapanda. Akaondoka! Miguu ilikuwa haionekani. Akihesabu kwa sauti, moja hadi sitini, wenzake wakimfuata wakihema kama magunia yaliyotobolewa. Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele. Mtu mmoja alidondosha kreti la soda.

Walipoondoka nikapima kwa siri. Mita arobaini na tano. Sikuamini, nikapima tena. Mita arobaini na tano.

Hakufupisha hatua hata moja. Alifika mapema tu.

Shemeji amenishukuru. Amesikia kwamba wazo la ngoma lilikuwa langu. Amesema kwa muda mrefu hajajisikia kijana namna ile, na kwamba siku ya Jumamosi atatembea polepole, kwa heshima, lakini kwa hatua kamili za jeshi, hata goti litoke mahali pake.

Mpima ardhi alikuwepo pia, kaleta chepe na vigingi vilivyopakwa chokaa. Mashavu yamepona. Aliniuliza kama nimeshaanza kufunga vitu vyangu. Aliuliza kwa upole mno.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimepata! Nimepata, na ilikuwa nyumbani kwangu siku zote, imetundikwa nyuma ya mlango.

Suruali.

Mke wangu ameishona upya sare ya kaka yake. Kitambaa kizito cha kijani, mikunjo kama wembe. Mguu huenda mpaka suruali inaporuhusu, hauendi zaidi. Sajini, jenerali, hata nani. Ukiuteremsha mshono wa katikati, pale msambani, kwa vidole vinne, binadamu hawezi kupiga hatua zaidi ya sentimita sitini. Nimejaribu kwa suruali yangu mwenyewe, nikafunga kwa pini. Nimetembea chumbani kama bata. Sitini kamili!

Sitini mara sitini ni mita thelathini na sita. Jiwe litaota katikati ya maua. Watu watapenda. Maua na jiwe, kuna nini kizuri zaidi?

Mke wangu alitoka saa nane kupeleka gauni kwa mteja. Nikakaa kwenye cherehani. Sikuupata uzi wa kijani, nikatumia mweusi. Kwa ndani, nani ataona? Sindano imenipitia kidole mara moja. Damu kidogo, nimeifuta. Saa tisa na nusu suruali ilikuwa nyuma ya mlango, imetulia, haina hatia.

Leo nimenyoa watu sita nikiimba.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Naandika yote kama yalivyotokea. Hapana la kuongeza.

Saa tatu mji mzima ulikuwa bustanini. Nilivua aproni, nikasimama mlangoni mwa kibanda, kofia kichwani, tepu mfukoni. Shemeji akasimama langoni. Ngoma ikaanza, polepole.

Hatua ya kwanza akashtuka. Akaangalia chini. Akaangalia mbele tena, maana askari haangalii chini. Hatua ya pili, ya tatu. Fupi! Fupi kama za bibi harusi. Nyuma yangu mtu akauliza huyu mzee kavaa sketi? Nikang'ata mdomo. Nilikuwa nahesabu: sita, saba, nane.

Ndipo nikagundua kwamba shemeji hahesabu.

Mazoezini alitaja namba. Leo kila hatua alitaja jina. Jina la mtu, la baba yake, hatua. Jina, hatua. Nikamuuliza aliyekuwa karibu nami ni nini hiki. Akasema, kwani hukujua? Waliondoka vijana sitini kwenda vitani kupitia lango lile, hawakurudi, na kamanda aliandika hatua sitini kwa sababu hiyo, hatua moja kwa kila mmoja. Miaka kumi na tisa nipo bustanini na hakuna aliyeniambia. Au waliniambia nikiwa nimewasha mashine.

Jina la thelathini, mita kumi na nane. Vizuri kabisa. Jina la thelathini na moja, suruali ikapasuka.

Si kuchanika. Kupasuka, kwa mlio, kuanzia mbele hadi mkandani nyuma. Ngoma ikakosa pigo. Watoto wakacheka, kisha watu wazima, kisha mji. Chupi ilikuwa ya mistari. Mtu yeyote angesimama. Mimi ningesimama, ningekimbia, ningehama.

Shemeji hakusimama. Kusimama ni kumwacha mtu njiani. Alipandisha sauti, ipite kicheko. Na sauti ilipopanda, hatua nazo zikapanda. Akaja. Suruali inapepea pande mbili, majina yanatoka kama amri, kila hatua karibu mita nzima. Kufika jina la arobaini hakuna aliyekuwa akicheka, maana sasa walikuwa wanasikia majina ya kwao. Mwanamke mmoja aliitikia. Mwingine akaitikia. Nilijikuta nimevua kofia. Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa napima.

Hamsini na sita. Hamsini na saba. Alikuwa anakuja moja kwa moja mlangoni kwangu. Nikapisha. Hamsini na tisa aliingia ndani. La sitini alilitaja mbele ya kiti, akijitazama kwenye kioo chenye ufa, akapiga saluti.

Akasema: hapa.

Mpima ardhi akaja na tepu yake ndefu, ya chuma. Akatangaza kwa sauti: mita arobaini na tano na sentimita mbili.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mke wangu ameitandaza suruali mezani. Amechomoa uzi mweusi wote, mmoja mmoja, akaupanga pembeni ya sahani yangu ya chai. Kisha akanipa sindano na uzi wa kijani na kuniambia nishone, kwa mkono, na nisipomaliza leo ataupeleka uzi mweusi kwa kaka yake na kumwachia yeye afikirie. Nimeshona kwa saa tano na dakika arobaini. Alifumua mara mbili. Akasema mishono yangu ni kama meno ya mtu aliyepigana.

Nilimwambia nilikuwa natetea ugali wetu. Akasema angalau kaka yake alipopasukiwa aliendelea mbele.

Saa kumi shemeji akaja. Nilijua yamekwisha. Kumbe anaamini kitambaa kilikuwa kibovu! Anamlaumu mwuza kitambaa, anasema atamfuata. Mke wangu akaniangalia kwa muda mrefu. Nikakubaliana na shemeji kwamba wauza vitambaa siku hizi hawana dini.

Halafu habari. Kibanda kinaondoka Ijumaa. Lakini kamati imekaa, na kwa sababu ya goti, na kwa sababu ya ngoma, na kwa sababu nilipisha bila ugomvi, wamenipa heshima ambayo raia hajawahi kupewa. Nitatembea mwenyewe! Hatua ishirini na tano kutoka kwenye jiwe, kuelekea ukuta wa barabarani. Ya ishirini na tano itakapoangukia, hapo kibanda kitajengwa, na baraza litakijenga. Mpima ardhi ndiye aliyetoa wazo. Kijana mzuri. Hana kinyongo.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nimepima, kwa tepu ya mke wangu, bila ruhusa. Kutoka mahali pa jiwe: mita kumi na nne, choo cha umma. Mita kumi na tisa, mabenchi yenye paa, watu wamekaa wanangoja watu wengine, nywele zinaota. Mita ishirini na tano, ukuta, na nje ya ukuta barabara kuu yenyewe.

Hatua yangu ya kawaida ni sabini na tano. Nikitembea kama kawaida nitaishia mabenchini. Mahali pazuri. Kivuli, wateja, bomba la maji karibu. Mtu mwenye akili ndogo angeridhika.

Ukutani nitaonekana na kila gari. Inahitaji mita moja tu kwa kila hatua. Shemeji alifanya karibu hivyo na suruali imepasuka. Mimi ni kijana kwake kwa miaka ishirini.

Kesho naanza mazoezi.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Mazoezi yanaendelea uani. Nimechora mistari ya mkaa, mita moja moja. Jana hatua mia mbili. Leo mia tatu. Ili kuongeza urefu ninaruka kutoka ngazi ya juu na kutua kwa mguu mmoja. Mke wangu alikuwa dirishani. Akauliza kama nimeshawahi, hata mara moja maishani mwangu, kutembea tu. Nikamwambia hakuna aliyefika popote kwa kutembea tu. Akafunga dirisha.

Paja la kulia limetoa mlio saa kumi na moja jioni. Mlio mdogo. Nadhani linanyooka.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Wamebomoa asubuhi. Miaka kumi na tisa, na kwa dakika ishirini na tano mbao zote zikawa chini. Kiti changu kilikaa kwenye majani peke yake, kinazunguka kidogo kwa upepo. Sikutazama sana. Nilikuwa na kazi.

Kamati ikajipanga. Ngoma ikalia. Nilivaa suruali pana kuliko zote. Nikavuta pumzi, nikatupa mguu wa kulia mbele, mita moja kamili, na paja likakatika kama uzi.

Kusimama hakukuruhusiwa, hayo ndiyo masharti, na shemeji alikuwa ananitazama. Zilizobaki ishirini na nne nilizitembea nikiwa nimeshika paja kwa mikono miwili. Mpiga ngoma akapunguza mapigo kunisubiri. Nilisikia mtoto akiuliza kama mimi pia nilikuwa vitani. Mama yake akasema ndiyo, mwanangu, vua kofia.

Ya ishirini na tano ilitua. Nikainua macho. Mbele yangu mlango wa bluu, umeandikwa WANAUME.

Mpima ardhi alilaza tepu, akasoma, akanisogelea kuniambia kwa sauti ya chini, kwa adabu zote: mita kumi na nne kasoro sentimita tatu. Akanisaidia kukaa. Akasema upande wa pili wa ndevu zake atakuja kumalizia Jumatatu.

Shemeji alinipigia saluti. Alidhani ninachechemea kwa ajili ya wenzao. Sikumsahihisha.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Kibanda kipya kimesimama, ubavuni mwa ule mlango wa bluu. Mbao mpya, lazima nikiri, na sakafu ya saruji. Vioo vyote viwili vimepona safari. Wateja wameongezeka, ila wengi huingia wakikimbia, wakaniangalia, wakaniomba radhi na kutoka.

Jiwe limesimamishwa jana. Kubwa, jeusi, majina sitini. Nimelitazama kutoka mlangoni. Safu za juu zinasomeka hata kwa mbali. Shemeji alikuwa pale peke yake, akapitisha kidole kwenye jina moja, akarudia, akaja kunyolewa. Sharubu zimetoka sawa pande zote mbili. Sijawahi kuzikata vizuri namna ile.

Mke wangu ameniletea chakula akasimama mlangoni, akaziba pua kidogo. Amesema tushukuru. Amesema kazi ipo, paa lipo, paja litapona, nisiguse kitu chochote, nisipime kitu chochote, nitulie mwaka mmoja nione kama mji utaanguka. Nikamwambia amesema kweli. Nikamaanisha, kwa muda wa kutosha. Alipoondoka aliichukua tepu yake.

Saa tisa mpima ardhi akaja kwa ajili ya ndevu. Mikono nilinawa mara mbili. Nikiwa kwenye shavu la kushoto nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, kama choo cha umma kilipimwa na nani, na kama kuna karatasi yoyote inayosema lazima kiwe hapa. Akasema hajui, hakuna aliyewahi kuuliza.

Hakuna karatasi!

Nikamwomba aniazime ile tepu ya chuma.